Barua kwa Mwanangu: Kosa la Kiingereza Litafute kwenye Kiswahili Chako

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, nimeyasoma makosa yako ya Kiingereza uliyoniandikia na nimefurahi kwamba hukuyaficha. Mengi si ya uvivu. Yanatoka kwenye Kiswahili chako, na huko ndiko pa kuyatafuta.

Hapo hotelini Nungwi jibu la "ndiyo" litakutia matatani kuliko yote. Kwetu mtu akikuuliza "Hujala?" nawe hujala, unajibu "Ndiyo, sijala", maana unayakubali maneno ya muulizaji. Mwingereza haangalii muulizaji kasemaje, anaangalia kitendo chenyewe. Akiuliza "Haven't you eaten?" nawe hujala, jibu ni "No". Ukisema "Yes" atajua umeshakula. Kwa hiyo usijibu kwa neno moja, tia na mkia wake: "No, I haven't" au "Yes, I have". Kichwa na mkia vikigombana, mwenyewe utasikia.

Na wewe ukiwauliza wageni, usiulize kwa kukanusha. Uliza "Have you paid?", usiseme "You haven't paid?".

Halafu saa. Kutoa au kuongeza sita unakujua: saa moja na nusu asubuhi ni 7:30, dakika hazibadiliki. Kinachowaponyoka wengi ni usiku. Kwa wazee wetu siku huanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, Alhamisi jua likishatua. "Friday night" ya mgeni ni Ijumaa yenyewe ikishakuchwa. Mgeni akitaka chombo usiku huo nawe ukamwambia nahodha "usiku wa Ijumaa", mmoja atakwenda pwani na mwenziwe hayupo. Andika tarehe kwa nambari, kisha msomee mgeni, kisha msomee nahodha.

Kwenye vitenzi, umeandika "Did you went?" mara tatu. Kiswahili hutia -li- mara moja tu, husemi "ulilikwenda". Kiingereza nacho ni vivyo hivyo: "did" imeshaubeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la asili, "Did you go?". Na "I have seen him yesterday" inatokana na "nimemwona jana", ambayo mitaani inapita. Kwao haipiti. Ukitaja wakati uliokwisha, kama jana au mwaka 2020, sema "I saw". "I have seen him twice this week" ni sahihi, kwa kuwa wiki bado inaendelea.

"A" na "an" zifuate kwa sikio, usizifuate kwa jicho: "an hour", kwa kuwa h haisikiki; "a university", kwa kuwa inaanza na sauti ya "yu".

Misemo nayo, mwanangu, usiipasue neno neno. Sisi tukimwita mtu mkono wa birika hatufikirii chai, tunasema bahili. Wala hatuwezi kugeuza tukasema mkono wa sufuria. Ndivyo ilivyo "kick the bucket", maana yake kufa. Ukisema "kick a bucket" umepiga teke ndoo tu. Tena hiyo ni ya mzaha, usimwambie aliyefiwa hata siku moja. Kwake sema "passed away". Na mvua ikinyesha kwa nguvu sema "It's pouring", maana ule msemo wa paka na mbwa unaofundishwa skuli, "It's raining cats and dogs", siku hizi hausikiki sana.

"Pole" pia uichunge. Mtu akiumia, "sorry" inafaa. Lakini ukimwambia "sorry" mgeni anayebeba begi lake, atajiuliza umemkosea nini. Mpokee tu, umwambie "Let me help you".

Daftari lako lipige safu tatu: sentensi nzima kama ulivyoisikia, nani alimwambia nani, na sisi tungesemaje. Misemo mitano kwa wiki inatosha, na kila mmoja uutumie kabla ya Jumapili. Orodha ya maneno pwekepweke sitaki kuiona.

Nitumie sentensi kumi kila wiki, tano za jana na tano za wiki hii ambayo haijaisha. Acha mstari mtupu chini ya kila moja nipate pa kusahihisha.

Mimi mamaako,
Wete, Pemba