Kwa Nini Unalipia Wiki Tatu Ukapewa Mafaili Matano

Lalamiko tumelipata tena. Safari hii ni la kijana mtengenezaji wa programu, anayeandaa msaidizi wa akili mnemba wa kuwajibu wageni wa nyumba za kulala za Paje na Jambiani. Alifika ofisini kwetu Mlandege na ankara mkononi, akauliza inakuwaje alipie wiki tatu za kazi kisha akabidhiwe mafaili matano na amri moja ya kuyaendesha. Hakupaza sauti, lakini alikuwa na uso wa mtu aliyeona amepunjwa. Tulimtilia kahawa, tukamweleza haya tunayoyaandika hapa, kwa kuwa si yeye wa mwanzo kuuliza.

Tulichomkabidhi ni chombo cha majaribio, cha kupimia majibu ya msaidizi wake. Faili la kwanza lina maswali ya wageni na jibu sahihi la kila swali. La pili lina maelekezo ambayo modeli, yaani programu ya akili mnemba inayotunga majibu, inapewa. La tatu linataja modeli yenyewe na mipangilio yake. La nne ni kipimo cha kuamua jibu limefaulu au limeshindwa. Na la tano ni daftari linaloandika kila jaribio, siku yake, matoleo yaliyotumika na gharama ya kila jibu. Kila kipande hutolewa na kuwekwa kingine pahala pake bila ya kuvigusa vilivyobaki, na hilo lina faida yake, kwa sababu kampuni zinazotoa modeli huziondoa za zamani, na siku hiyo ikifika mteja wetu hubadilisha mstari mmoja tu.

Wiki mbili kati ya hizo tatu ziliishia kwenye faili la kwanza. Maswali hatuyatungi, tunayatoa katika ujumbe halisi wa wageni, tunafuta majina na namba za simu, na makosa yao ya uandishi tunayaacha kama yalivyo. Kisha kila jibu linathibitishwa na mwenye nyumba. Katika kazi hii tuligundua kuwa mwenye nyumba anasema chumba kinarejeshwa saa nne, na mpokezi wake kwa miaka amekuwa akiwaambia wageni saa tano. Hakuna modeli ambayo ingewapatanisha hao wawili.

Njia ya mkato tunaijua. Mtu hufungua dirisha la mazungumzo, akauliza maswali matatu, akaridhika, akaenda kulala. Mteja wetu mmoja aliyekuwa akitoa taarifa za usafiri wa baharini alikataa chombo hiki kwa sababu ya bei. Jioni moja alibadilisha modeli, akafupisha maelekezo na kuweka ratiba mpya, vyote kwa mkupuo, akihifadhi juu ya vile vya zamani. Asubuhi yake mgeni aliyeuliza kwa Kiingereza kuhusu boti ya saa moja asubuhi akajibiwa kuwa inaondoka saa saba za usiku. Washukiwa walikuwa watatu na ushahidi umeshafutwa. Tulitumia siku tisa kupekua, mpaka tukabaini kuwa katika kufupisha maelekezo alifuta mstari mmoja ulioiamuru modeli kuzingatia tofauti ya saa sita kati ya saa zetu na za kizungu. Alitaka kupunguza tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kuandika, na hatumlaumu sana, maana modeli nyingi huyakata maneno ya Kiswahili vipande vingi kuliko ya Kiingereza na malipo huhesabiwa kwa vipande. Hata hivyo, siku tisa zile zilimgharimu zaidi ya bei aliyoikimbia.

Wengine hujaribu maswali 20, wakaona majibu sahihi yamepanda kutoka 17 hadi 18, wakafurahi. Hata kwa maswali 100, alama ya asilimia 80 inaweza kuyumba kwa takriban asilimia 8 kwenda juu au chini kwa bahati tu. Zaidi ya hayo, modeli iliyowekewa joto la sifuri, yaani mpangilio wa kupunguza kubahatisha maneno, bado inaweza kulijibu swali lile lile kwa namna mbili. Ndiyo maana tunarudia kila swali mara tano. Maswali 100, mara tano kila moja, kwa michanganyiko minne ya modeli na maelekezo ni maombi 2,000 ya majibu, na kila ombi lina bei. Kuhusu kipimo, penye saa au bei tunalinganisha maandishi moja kwa moja, wala hatuiombi modeli nyingine ihukumu, kwa kuwa modeli zikiwa mahakimu huelekea kuyapendelea majibu marefu.

Kahawa ilipokwisha, kijana yule aliandika amri yake mbele yetu. Modeli ya bei rahisi aliyokuwa ameshaamua kuitumia ilifaulu karibu kila pahala, isipokuwa swali la mgeni aliyeambiwa na mwenyeji wake kuwa chakula ni usiku wa Ijumaa. Ilimpeleka Ijumaa jioni, ilhali kwetu usiku huo huanza Alkhamisi jua likizama, na mara zote tano ilikosea vile vile. Alilitazama jedwali kwa muda, akaikunja ankara akaitia mfukoni. Siku ya pili alilipa, akaomba tumuongezee maswali ya futari na daku kabla ya Ramadhani. Hayo tunatoza kwa kila swali.