Risala ya kikundi cha akinamama washonaji wa Wete kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha,
Wazee wetu, walimu wa skuli na wageni waalikwa,

Assalaam alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja Wete, na zaidi kwa kufika saa nne kama barua ilivyosema, jambo ambalo hatujalizoea.

Kikundi chetu kilianza na akinamama saba, cherehani mbili za mguu na belo moja la mitumba tulilolinunua kwa fedha za upatu. Historia iliyobaki imo kwenye daftari la katibu.

Mafanikio ni makubwa. Tunashona mikoba, foronya na nguo za watoto kwa nguo ambazo zingeishia jaani. Mwaka jana tuliingia soko la kimataifa, pale mtalii mmoja wa Kijerumani aliponunua mkoba wa viraka vya jinzi, akarudi kuchukua wa pili wa mama yake. Aidha, tumetoa elimu ya mazingira kwa shehia nzima, hasa kwa waliokuwa kwenye foleni ya maji siku ile.

Elimu yenyewe ni hii. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu mwaka 2006, lakini plastiki ile ile inaendelea kuingia ikiwa na kola na vifungo. Kitambaa cha poliesta hutokana na mafuta ya petroli. Ukiifukia haiozi, ukiichoma moshi wake unakaba, na kila ukiifua inatoa vinyuzi vinavyoishia baharini. Pamba nayo ina gharama yake: tisheti moja inakadiriwa kutumia maji lita 2,700 tangu shambani hadi dukani. Kwa ndoo zetu za lita 20 hizo ni ndoo 135, na wanaochota wanajua uzito wa hata moja. Ndiyo maana tunasema nguo ikishashonwa ivaliwe mpaka ichoke, kisha igeuzwe kitu kingine.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iwe imeondoka ifikapo 2019. Mitumba bado ipo. Sisi hatulalamiki, ndiyo mali ghafi yetu. Tunataja tu kwa kuwa leo tutazungumzia ahadi. Ukifungua belo hukosi koti la theluji, ambalo hapa Pemba hata mwenye homa halivai. Tunalifumua, zipu inakwenda kwenye mkoba, bitana inakuwa foronya.

Mheshimiwa, sasa tufike kwenye shida yenyewe, nayo ni moja: cherehani ya ovaloki.

Cherehani zetu zinashona mshono ulionyooka tu. Kitambaa kikishakatwa, ukingo unaachia nyuzi. Tisheti ndiyo taabu zaidi, maana kitambaa kinavutika na uzi hauvutiki, basi unakatika. Ovaloki hukata ukingo na kuuzungushia nyuzi kwa wakati mmoja. Sikukuu iliyopita tulimshonea mtoto gauni kwa tisheti mbili. Alipanda bembea mara moja, kwapa likafunguka lote. Mama yake alilirudisha jioni ile ile, hakusema neno, akaliweka juu ya meza. Sisi tunaohubiri nguo idumu tuliuza nguo isiyomaliza hata siku ya Idi.

Tangu hapo kila mzigo tunaupakia gari ya 606 mpaka Chake, kwa fundi mwenye ovaloki. Anatutoza shilingi 500 kwa nguo, na akiwa na sare za skuli tunasubiri wiki. Faida inabaki kwenye nauli.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi, Mungu ampe afya, alisimama hapo hapo uliposimama akasema mwezi hautokwisha ovaloki haijafika. Mwezi upi hatukumuuliza. Kosa ni letu. Picha ya siku hiyo tunayo ukutani, cherehani hatuna. Aliyemtangulia alileta mashine kweli, na tunamshukuru, ila ni ya kufumia masweta. Tumeifunika kanga isiingie vumbi.

Tunaomba ovaloki moja ya nyuzi nne. Ya nyuzi tatu ikipatikana, tutaipokea. Umeme upo, meza ipo, na fundi wa Chake, kwa hisani yake, ameshawafundisha wawili wetu kuitumia. Tunaomba pia, kwa heshima zote, utuachie jina la msaidizi wako ambaye katibu atamfuatilia, maana namba tulizopewa zamani hazipokelewi.

Mwisho, upokee zawadi hii ndogo, mkoba tuliokushonea kwa shati la mtumba. Ukiufungua utaona nyuzi zimeanza kutoka kwenye mishono ya ndani. Hatukuzikata, tumekuachia uzione.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi