Wanaopima zahanati watuulize na sisi wagonjwa

Mheshimiwa Mhariri,

Nina presha, na kila mwezi nahudhuria zahanati ya kijiji chetu. Serikali ilianza mwaka 2015 kuvipima vituo vya afya kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Naunga mkono kabisa. Naomba tu wapimaji wasiishie kwenye mafaili ya ofisini, waje wakae nasi kwenye benchi.

Wakikaa wataona mengi. Muuguzi wetu ni mkarimu, anakuamkia kwanza ndipo anakuuliza unaumwa nini. Lakini kitambaa cha mashine ya presha hakishiki tena. Mwezi uliopita alikibana kwa vidole vyake mkononi mwangu, huku mkono wa pili unaminya pampu. Alipima mara tatu, majibu matatu tofauti. Dozi yangu inapangwa kwa namba ipi kati ya hizo? Kwa sisi wa presha hilo si jambo dogo, kiharusi hakibishi hodi.

Dawa nazo, dirishani naambiwa "nenda kanunue", wakati duka la dawa liko mjini na nauli sina.

Sanduku la maoni lipo, kufuli limeota kutu. Nilitumbukiza karatasi yangu tangu kabla ya mvua za masika, na pembe yake bado inachungulia kwenye tundu. Kamati ya zahanati ilifungue mbele yetu kila mwezi, na matokeo ya nyota yabandikwe pale dirishani tuyasome wote.

Bibi mwenye presha,
Morogoro