Yaya anataka apasuliwe shingo, daktari anahofia moyo

Ndugu Mshauri,

Ninakuandikia kuhusu yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 51, fundi wa kuchomea vyuma ambaye ninaishi naye katika komine ya Katuba, hapa Lubumbashi. Amekunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, kila siku kwa zaidi ya miaka 20, na mara nyingi mimi mwenyewe ndiye niliyemnunulia. Sioni sababu ya kulificha.

Miaka minne iliyopita shingo yake ilianza kujaa pande zote mbili kwa usawa, yakafuata mabega na sehemu ya juu ya mikono, huku miguu ikibaki myembamba. Mwanzoni watu walimsifu kwamba maisha yamemkubali. Aliposhindwa kufunga kifungo cha shati, wakwe zake walianza kunong'ona habari za bulozi, yaani uchawi. Daktari alitueleza kwamba ni ugonjwa adimu wa Madelung, wa mafuta kurundikana chini ya ngozi, uliopewa jina la mpasuaji Mjerumani aliyeandika habari za wagonjwa 33 mwaka 1888, na kwamba huwapata zaidi wanaume wa makamo wanaokunywa pombe kupita kiasi. Mafuta hayo hayakai ndani ya mfuko wake kama uvimbe wa kawaida, bali hujipenyeza katikati ya misuli na mishipa, ndiyo maana ni vigumu kuyaondoa yote, na mara nyingi hurudi.

Ingekuwa shingo pekee, nisingekusumbua. Tangu mwezi wa sita anaamka usiku akihema, na jioni viatu havimwingii kwa uvimbe. Ekografi ya moyo, kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha kwamba chumba cha kushoto kimetanuka na kinasukuma asilimia 28 tu ya damu iliyomo, wakati moyo wenye afya husukuma zaidi ya nusu. Pombe ndiyo iliyouchosha, alisema daktari; akiiacha kabisa na kumeza dawa, moyo unaweza kupata nafuu, lakini mafuta ya shingoni hayatayeyuka.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Yaya anataka fedha tulizochanga zimpasue shingo kwanza, kwa kuwa, asemavyo, aibu ndiyo inayomrudisha kwenye chupa. Daktari wa usingizi amekataa: moyo ni dhaifu, na kwa shingo ile ni vigumu kupitisha mpira wa hewa. Mdogo wetu wa mwisho, kwa nia njema nadhani, alimfungia chumbani bila tone moja. Siku ya pili yaya alitetemeka, akaona wadudu ukutani, kisha akaanguka kifafa. Tangu siku hiyo mama humpa glasi moja kila asubuhi, akiamini anamwokoa.

Naomba unishauri mambo mawili. Je, mtu mwenye moyo wa namna hii anaweza kuachishwa pombe nyumbani hatua kwa hatua, au ni lazima alazwe, apewe dawa za kutuliza mitetemeko na sindano za vitamini B1, na fedha zetu ziende huko? Na nimwambieje kwamba shingo itasubiri, bila yeye kudhani kwamba tumemnyima? Fedha ninazitunza mimi, naye huniulizia kila jioni.

Mdogo wake,
Katuba, Lubumbashi