Karume ipi, Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Mwaka wa kumi na moja huu nanunua gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia, hata siku mlipokosea matokeo ya mechi. Ila kile kichwa cha Jumanne, "Karume kufungwa kupisha matengenezo", kimenishinda.

Mimi nauza mitumba Mchikichini, soko ambalo mji mzima unaliita Karume. Soko hili liliungua Januari 2022. Sisi tuliokuta majivu penye vizimba vyetu, jina hilo likitokea ukurasa wa mbele tumbo linakata kabla ya kufika mstari wa pili. Usiku uleule wa Jumanne nikakodi guta kwa shilingi 15,000, nikahamishia nyumbani Buguruni belo tatu za suruali za watoto, moja imeshakatwa kamba, suruali zinadondoka njia nzima na mwenye guta ananisonya. Alfajiri ya saa kumi na moja, wateja wa kuchagua ndiyo wanaingia, nikarudi mikono mitupu kuchungulia. Wenzangu wanaita bei kama kawaida! Kijana wa kizimba cha jirani akaniambia, "Mzee, soma mpaka chini." Nikasoma mpaka chini. Aya ya mwisho kabisa: uwanja wa mpira. Upi sasa? Ilala kuna Uwanja wa Karume, na Musoma upo. Mpaka leo hamjasema.

Mnajua akina Karume wako wangapi? Kuna Mzee Abeid Amani Karume mwenyewe, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyeuawa 7 Aprili 1972. Kuna mwanawe Amani, Rais kuanzia 2000 hadi 2010. Mwaka juzi Siku ya Karume mliweka picha ya mtoto na maelezo ya baba. Kuna chuo cha ufundi kule Mbweni, Zanzibar. Kuna marehemu Njenga Karume, aliyewahi kuwa Waziri wa Ulinzi wa Kenya, Mkikuyu wa watu, ingawa kijiweni kwetu yupo anayeapa kwamba ni ukoo mmoja. Na kuna uwanja wa ndege wa Unguja. Mdogo wangu alinipigia akasema "niko Karume", nikampakulia wali kabisa, kumbe hata ndege hajapanda.

Halafu hao wanaogawa majina! Sokoine ana chuo kikuu Morogoro, uwanja Mbeya, hospitali Lindi, barabara hapa Dar. TANU ilianzishwa 1954 na watu 17. Wengi wao mitaa yao iko wapi?

Kama neno "soko" au "uwanja" linawajazia nafasi, basi wekeni kijipicha pembeni ya kichwa: mpira, ndege, au suruali. Sisi tutaelewa.

Guta kwenda na kurudi ni 30,000. Mtakayemtuma kuleta aulizie Karume ya suruali.

Muuza mitumba,
Dar es Salaam