Thamani zisizobadilika zikae karibu na kazi yake

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge desturi ya waandishi wa programu kurundika thamani zote zisizobadilika (constants) katika faili moja, ambalo baada ya muda kila moduli, yaani kila sehemu ya programu, hulitegemea ilhali hakuna anayelisimamia. Kwa mfano, idadi ya juu ya majaribio ya kuunganisha mtandao inaihusu moduli inayounganisha pekee. Itangazwe humo humo, tena ifichwe kwa moduli nyingine. Lugha ya Rust, tangu toleo la 1.20 la mwaka 2017, huruhusu thamani kama hiyo kufungwa na aina ya data inayoitumia, na lugha ya Kotlin huiacha ikae moja kwa moja katika faili, bila kuwekwa ndani ya darasa (class) lolote, jambo ninalolipenda zaidi. Zinazotumiwa kweli na sehemu nyingi ndizo zistahilizo faili la pamoja, nalo lipewe jina la mada yake.

Msomaji wenu, mwandishi wa programu