Hesabuni tumbusi kwa aina zao

Mhariri,

Habari za tumbusi magazetini huja na idadi moja tu: tumbusi kadhaa wameonekana, au wamekufa. Idadi ya namna hiyo haina kazi. Mzoga mmoja wa nyumbu Serengeti unaweza kukusanya aina sita, na kila moja hula kwa namna yake.

Hans Kruuk, mtafiti wa wanyama aliyewachunguza huko miaka ya 1960, aliwagawa makundi matatu. Wachanaji, akiwemo yule mkubwa kuliko wote mwenye kichwa chekundu chenye mikunjo, hukata ngozi na kano kwa mdomo mzito. Wavutaji huingiza shingo ndefu hadi ndani ya mbavu na kutoa nyama laini. Ulimi wao una vijimiiba vilivyoelekea kooni, nyama isiteleze. Wadonoaji ni wadogo, kilo mbili hivi, na huokota mabaki. Ngozi ngumu humshinda mvutaji. Asipotangulia fisi au mchanaji, huanzia machoni na mkunduni.

Hapo mgawanyo unaeleweka. Kitendawili ni wavutaji wenyewe, mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell: ndugu wa karibu, shingo zilezile, nyama ileile. Wa Rüppell ni mzito zaidi na humsukuma mwenzake, naye mgongo-mweupe huja kwa wingi. Kinachowatenganisha hasa ni mahali pa kuzalia. Mgongo-mweupe hujenga kiota juu ya miti. Wa Rüppell huzaa kwa makundi kwenye majabali, kama yale ya milima ya Gol, mashariki mwa Serengeti, na huweza kuruka zaidi ya kilomita 100 kuwafuata nyumbu wanaohama. Kwa hiyo anayekata miti mikubwa ya kando ya mto anamuumiza mmoja, na anayepasua mawe jabalini anamuumiza mwingine. Wote wawili hutaga yai moja tu kwa msimu, hivyo pengo halizibiki upesi.

Kuwatofautisha si kazi ngumu wakiwa wamekomaa. Wa Rüppell ana mdomo wa manjano hafifu, macho ya manjano na manyoya yenye kingo nyeupe; mwenzake ana mdomo na macho meusi, na akiruka mgongo mweupe huonekana. Wachanga ndio huwakosesha watu, kwa sababu hata wa Rüppell huanza na mdomo mweusi. Usipokuwa na hakika, andika “mvutaji asiyetambuliwa”. Afadhali hivyo kuliko kubahatisha.

Sumu ambayo watu huitia kwenye mizoga haijali mgawanyo huo. Tumbusi mmoja akishuka, wa mbali humwona wakamfuata, na wavutaji hujaa mzogani kwa makumi. Botswana mwaka 2019 walikufa 537 katika tukio moja. Tunaomba habari za namna hii zitaje aina na idadi ya kila moja. Mzoga wenye sumu nao uchomwe pamoja na ndege waliokufa, maana atakayewala hao naye hufa.